Hitilafu za pampu ya sola ya kunyweshea mifugo

Pampu ya sola ya kunyweshea mifugo ni mtambo unaovuta maji kutoka kisimani kwa umeme wa mwanga wa jua, bila mafuta na bila nguzo za umeme. Hitilafu zake ni mambo yote yanayofanya maji yapungue au yakosekane kwenye mbauti. Makala hii inaeleza namna ya kuzitambua na kuzitatua, ikichukua mfano wa Tabora, magharibi mwa Tanzania.

Gongoni ni kata ya Manispaa ya Tabora. Mkazi wa huko mwenye ng'ombe nje ya mji kwa kawaida hapati habari ya pampu kusimama kwa kuona kwa macho, bali kwa simu ya mchungaji: "Mzee, maji hayatoki." Kuanzia hapo saa zinahesabika. Ng'ombe wa maziwa asiyekunywa hupunguza maziwa siku hiyohiyo, na katika joto la Septemba na Oktoba kundi lisilopata maji kwa siku mbili au tatu huanza kudhoofika na kufa, ndama wakitangulia. Kwa hiyo swali la kwanza si kwamba nani atakuja kuing'oa pampu, ila kwamba kosa liko wapi. Makosa mengi yako juu ya ardhi, mahali ambapo mtu mwenye subira, ndoo, saa na mita ndogo ya umeme anaweza kuyafikia.

Mazingira ya Tabora

Mji wa Tabora uko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Mkoa huu ni miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wengi nchini.

Maji yalikuwa suala kubwa hapa tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipanga kambi zake kufuata visima na mabwawa, na kabla ya kufika Unyanyembe ilipaswa kuvuka Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa kwa sababu ya kiu. Burton na Speke walipofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wamepita njia hiyohiyo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na siku hizi mji unapata pia maji ya bomba kutoka Ziwa Viktoria, lakini bomba la mjini halifiki kwenye malisho. Huko mfugaji hutegemea lambo, kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono au kisima kirefu cha mashine. Malambo hukauka wakati uleule mifugo inapohitaji maji zaidi.

Miamba ya sehemu kubwa ya Tabora ni ya granite ya kale. Maji hukaa katika tabaka la mwamba uliooza na katika nyufa zake, si katika mchanga mpana kama wa pwani. Matokeo yake ni kwamba visima vingi hutoa maji kidogo kidogo, na kina cha maji hushuka sana mwisho wa kiangazi. Jambo hili litarudi mara kadhaa katika makala hii, kwa sababu kisima kilichopungukiwa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni pampu iliyoharibika.

Sehemu za mtambo

Seli ya silikoni inayogeuza mwanga kuwa umeme ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1954 katika maabara za Bell. Mwishoni mwa miaka ya 1970 pampu za sola zilikuwa tayari zinatumika katika vijiji vya Mali, nchi ya wafugaji yenye kiangazi kirefu kuliko chetu. Zilienea Afrika Mashariki baadaye, bei ya paneli iliposhuka.

Mtambo wa kawaida una paneli, nyaya, kisanduku cha kidhibiti (mafundi hukiita kontrola), mota na pampu zilizounganishwa ndani ya kisima, bomba la kupandisha maji, tangi, na mbauti. Pampu ya mifugo kwa kawaida haina betri. Tangi ndilo betri yake: mchana linajazwa, na usiku au siku ya mawingu mifugo hunywa akiba.

Mota nyingine hutumia umeme mnyoofu kama ule wa betri. Nyingine hutumia umeme geu wa nyaya tatu, na hapo kidhibiti kina kazi ya inveta. Pampu zenyewe ni za namna mbili kuu, na mtu asiyejua yake ni ya namna gani hawezi kutafuta kosa vizuri. Ya kwanza ni ya skrubu: chuma kilichosokotwa huzunguka ndani ya mpira na kusukuma maji juu hata ikizunguka polepole. Kwa hiyo huanza kutoa maji mapema asubuhi, ingawa kidogo. Ya pili ni ya mapanga yaliyopangwa ngazi baada ya ngazi. Hii ikizunguka polepole haiwezi kabisa kuyafikisha maji juu, kwa kuwa nguvu yake ya kupandisha hupungua kwa mraba wa mwendo wake. Mwendo ukiwa nusu, kimo kinachofikiwa ni robo. Mwenye pampu ya mapanga akisikia mota inalia saa 2 asubuhi na maji hayatoki, asiite fundi. Angoje saa 4.

Kujua kiasi kinachostahili

Hakuna anayeweza kusema maji yamepungua kama hajui yalikuwa kiasi gani. Hesabu yake ni ya shule ya sekondari tu.

Tuchukue kundi la ng'ombe 60 wa kienyeji na mbuzi 40. Wakati wa joto ng'ombe wa kienyeji hunywa takriban lita 30 kwa siku na mbuzi lita 5. Jumla ni lita 1,800 na lita 200, yaani lita 2,000. Tuseme maji yanapandishwa mita 50, ukihesabu kutoka usawa wa maji kisimani pampu inapofanya kazi hadi mdomo wa bomba juu ya tangi. Kazi inayofanyika ni kilo 2,000 mara 9.81 mara mita 50, ambayo ni jouli 981,000, au wati-saa 272. Lakini mota, pampu na bomba hupoteza nguvu nyingi; katika mitambo midogo ni busara kuhesabu kwamba asilimia 40 tu ndiyo inayoishia kwenye maji. Basi tunahitaji wati-saa 680 kwa siku. Jua la Tabora siku ya kawaida ni sawa na saa 5 za jua kali, hivyo wati 136 zingetosha kama paneli zingekuwa safi na baridi. Kwa kuwa haziko hivyo, mtu huweka wati 200.

Pampu ya namna hiyo hutoa takriban lita 400 kwa saa jua likiwa kali. Ndoo ya lita 20 itajaa kwa dakika 3. Hicho ndicho kipimo cha kuandika ukutani au ndani ya mlango wa kisanduku siku mtambo unapofungwa: tarehe, saa, hali ya anga, dakika za kujaza ndoo. Mwaka mmoja baadaye, ndoo ikijaa kwa dakika 6 saa ileile chini ya jua lilelile, nusu ya maji imepotea mahali fulani na hakuna haja ya kubishana. Ni jambo la kusikitisha kwamba mitambo mingi hukabidhiwa bila namba hata moja kuandikwa.

Maswali ya kwanza, hata kwa simu

Mwenye mifugo aliye mbali anaweza kupunguza makosa yanayowezekana kabla hajapanda pikipiki. Amuulize mchungaji: Je, anga ni jeupe au kuna mawingu? Tangi lina maji? Taa za kidhibiti zinawaka, na za rangi gani? Ukiweka sikio kwenye bomba kisimani, kuna mlio? Maji yalipungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, au yalikatika ghafla? Kuna radi iliyopiga usiku?

Swali la tangi linaonekana la kitoto, lakini lina uzito. Tangi likijaa, boya lililomo hukata umeme na pampu husimama, kama inavyopaswa. Boya lililonasa juu, au waya wake uliotafunwa na panya au mbuzi, humwambia kidhibiti kwamba tangi limejaa wakati ni kavu. Njia ya kujaribu imeelezwa kwenye karatasi ya kila kidhibiti: aina fulani hutaka waya wa boya zifunguliwe, nyingine hutaka ziunganishwe. Pampu ikianza baada ya hapo, kosa ni boya au waya wake, na kisima hakihusiki.

Kosa la pili la namna hii ni maji yanayopandishwa vizuri lakini yanapotea. Koki ya mbauti iliyovunjwa na pembe, au ufa katika sakafu ya mbauti, unaweza kumwaga tangi zima usiku. Asubuhi watu wanalaumu pampu. Jioni, mifugo ikishaondoka, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji tangini na mbautini, kisha uangalie alfajiri kabla jua halijachomoza.

Tahadhari kabla ya kugusa

Paneli hazina swichi. Maadamu mwanga unazipiga zina umeme, hata kama kidhibiti kimezimwa. Paneli moja ndogo haiwezi kumdhuru mtu sana, lakini paneli kadhaa zilizounganishwa kwa mfululizo hufikisha volti 100, 200 au zaidi, na umeme huo unaua. Tena umeme mnyoofu ukikatwa wakati unapita hutoa cheche ndefu isiyozimika upesi kama ya umeme wa nyumbani. Kwa hiyo usivute kamwe viunganishi vya paneli wakati pampu inafanya kazi. Zima kwanza swichi kuu, kisha funika paneli kwa blanketi zito au turubai, kisha upime kwa mita uhakikishe umeme umekwisha.

Mtu asiingie kisimani. Katika visima vya kuchimba kwa mkono hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila kuwa na harufu yoyote, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Pampu huvutwa kwa kamba yake ikiwa juu.

Pampu haianzi kabisa

Kama anga ni jeupe, tangi si tupu kwa sababu ya boya, na bado hakuna mlio, fuata umeme kutoka paneli kwenda chini.

Anza na volti za paneli zikiwa hazijafungwa mzigo. Paneli ya seli 36 hutoa karibu volti 21 au 22, ya seli 60 karibu volti 38, na ya seli 72 karibu volti 45. Paneli zilizounganishwa kwa mfululizo hujumlishwa: nne za seli 72 ni takriban volti 180 asubuhi ya baridi. Mchana wa joto zitashuka, kwa sababu kila nyuzi 1 ya Selsiasi hupunguza karibu asilimia 0.3 ya volti, na kioo chenye nyuzi 60 si ajabu Tabora mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo volti 160 mchana si ugonjwa. Lakini volti 120 mahali pa 160 maana yake paneli nzima haihesabiki. Upungufu mdogo zaidi, kama volti 13 au 15, mara nyingi ni theluthi ya paneli moja: ndani ya paneli seli hugawanywa mafungu matatu, kila fungu na diodi yake, na diodi iliyoungua huliondoa fungu lake. Kama mita inaonyesha sifuri, mfululizo umekatika mahali fulani, na kwa kawaida mahali hapo ni kiunganishi kilicholegea au kilichoyeyuka. Mtu hukitambua kwa weusi na harufu.

Volti zikiwa nzuri kwenye paneli lakini hazifiki kwenye kidhibiti, kosa ni waya, fyuzi au swichi. Waya uliolazwa juu ya ardhi bila bomba la plastiki una maadui wengi: kwato, panya, mchwa, jembe, na moto wa nyika wa Julai na Agosti. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa ya kipimo kilekile. Kufunga waya wa shaba mahali pa fyuzi ni kuahirisha hasara hadi iwe kubwa zaidi.

Volti zikifika kwenye kidhibiti nacho kimekaa kimya, kifungue (umeme ukiwa umezimwa) na uangalie ndani. Nyigu hujenga humo, mijusi hutaga, na sisimizi huja kufuata joto. Safisha, kaza skrubu za nyaya, funga matundu kwa mpira. Kama kuna alama ya kuungua baada ya usiku wa radi, kifaa kimekwisha, na mvua za kwanza za Novemba hujulikana kwa radi. Fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini vizuri na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme ni bei ndogo ukilinganisha na kidhibiti kipya. Mitambo mingi hufungwa bila vitu hivi ili bei ya mkataba ionekane ndogo.

Hatua ya mwisho ni mota. Ikiwa ni ya nyaya tatu, fungua nyaya hizo kwenye kidhibiti na pima ukinzani kati ya kila mbili. Vipimo vitatu vinapaswa kulingana. Kimoja kikiwa tofauti sana, au kikionyesha hakuna njia kabisa, waya wa chini umekatika au koili imeungua. Kisha pima kati ya kila waya na bomba la chuma au ardhi; hapo haipaswi kuwa na njia. Kama ipo, maji yameingia kwenye maungio ya waya chini ya kisima, na maungio hayo ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama pampu itakapovutwa, kwa sababu mara nyingi mota yenyewe ni nzima.

Mota inazunguka, maji hayatoki

Hapa sikio na saa vinafaa kuliko mita. Bomba la kupandisha maji lina valvu inayozuia maji yasirudi. Valvu ikiwa nzima, bomba hubaki limejaa usiku kucha, na asubuhi maji hutoka sekunde chache baada ya pampu kuanza. Valvu ikivuja, au bomba likiwa na tundu, maji yote juu ya usawa wa kisima hurudi chini, na pampu lazima ilijaze bomba upya. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba karibu nusu lita kila mita. Mita 40 ni lita 20. Kwa pampu yetu ya lita 400 kwa saa, hizo ni dakika 3 za kungoja. Kwa hiyo zima pampu saa 6 mchana, ngoja nusu saa, washa tena na hesabu. Wakati pampu imezimwa, tega sikio kwenye mdomo wa kisima: tundu lililo juu ya usawa wa maji husikika likichirizika kama mvua nyembamba.

Kama maji hayaji hata baada ya muda huo, pima mkondo wa umeme kwa mita ya kubana waya, inayofaa umeme mnyoofu. Mkondo mdogo kuliko kawaida una maana mota haina mzigo: kisima kimekauka hadi chini ya pampu, au kiungo kati ya mota na pampu kimekatika, au bomba limechomoka kwenye pampu. Mkondo mkubwa kuliko kawaida pamoja na mlio mzito una maana kitu kimekwama, kwa kawaida mchanga. Na mota ya nyaya tatu inayozunguka kwa ulaini lakini ikitoa maji hafifu, hasa baada ya fundi kufanya kazi siku hiyohiyo, huenda inazunguka kinyume. Badilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, ukiwa umezima umeme.

Pampu ya skrubu isifungiwe koki mbele yake. Inasukuma bila kujali, na kitakachopasuka ni bomba au kitakachoungua ni mota. Vilevile isizunguke kavu: mpira wake hupozwa na kulainishwa na maji, na ukikaa dakika chache bila maji huungua.

Maji yamepungua polepole

Sababu ya kwanza ni vumbi. Kiangazi cha Tabora ni vumbi jekundu, moshi wa nyika inayochomwa na, karibu na vijiji vya tumbaku, moshi wa mabani. Paneli husafishwa alfajiri au jioni kwa maji na kitambaa laini. Mchana kioo ni cha moto, na maji baridi ya ghafla yanaweza kukipasua. Usitumie mchanga wala steelwool, mikwaruzo haifutiki.

Sababu ya pili ni kivuli, na watu wengi hawaiamini mpaka waione. Seli za paneli zimeunganishwa kama pingu za mnyororo. Tawi moja la mwembe likiziba seli chache, fungu zima la seli linapotea, si zile seli chache tu. Tena kivuli husafiri na mwaka. Tabora jua la mchana huwa upande wa kaskazini Juni na Julai, hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na Desemba huwa upande wa kusini. Mti ulio kaskazini ambao haukusumbua Januari unaweza kuitia pampu kivuli Julai. Paneli za hapa huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua tu bali ili mvua izioshe na maji yasituame ukingoni.

Sababu ya tatu ni pampu kuchakaa. Mchanga husaga mapanga na mpira. Ukichota maji kwenye ndoo nyeupe, ukaliacha robo saa, na chini pakaonekana tabaka la mchanga, basi pampu inaliwa kila siku. Kuinyanyua mita moja au mbili kutoka sakafu ya kisima husaidia, na kupunguza mwendo wake pia. Lakini kama chujio la bomba la kisima limepasuka, hakuna pampu itakayodumu humo, na fedha ziende kwenye kisima kwanza.

Inawaka na kuzima

Hii ndiyo hali inayowachanganya wengi mwishoni mwa kiangazi. Pampu hufanya kazi dakika ishirini, husimama nusu saa, huanza tena. Mara nyingi ni kidhibiti kinachofanya kazi yake. Juu kidogo ya pampu kuna sensa ya maji. Usawa ukishuka chini yake, kidhibiti huzima ili pampu isizunguke kavu, kisha hungoja kisima kipumue.

Ili kuthibitisha, pima usawa wa maji. Kamba nyembamba yenye mafundo ya kila mita na kizito kidogo mwishoni inatosha: ishushe taratibu, kisha tazama sehemu iliyolowa. Pima asubuhi kabla ya pampu kuanza, na tena baada ya saa moja ya kuvuta. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mteremko wa kisima. Ukikuta maji yameshuka hadi kwenye sensa, punguza mwendo wa pampu kwa kitufe cha kidhibiti. Wafugaji husita hapa, lakini pampu inayovuta polepole mchana kutwa hutoa maji mengi kuliko inayovuta kwa nguvu na kusimama kila mara. Kuishusha pampu hadi sakafuni ili ifuate maji ni kuipeleka kwenye mchanga.

Ukikuta maji ni tele, basi sensa inadanganya. Maji ya miamba huacha ukoko wa chumvi au utando mwekundu wa kutu juu yake. Hutolewa na kusafishwa. Kuna wanaounganisha nyaya za sensa ili kidhibiti kidhani maji yapo wakati wote. Kama jaribio la dakika tano mchana, ukiwa umesimama hapohapo na ndoo, linakubalika. Kuliacha hivyo na kurudi mjini ni kuiua pampu.

Kuvuta pampu

Pampu huvutwa tu baada ya hatua hizo kuonyesha kwamba kosa liko chini. Mita 50 za bomba la plastiki zikiwa na maji, pamoja na pampu na waya, ni uzito wa watu wanne au watano, na bomba la chuma ni zito zaidi. Havutwi kwa waya wa umeme kamwe. Watu waweke alama kwenye bomba kila mita kadhaa na kuandika kina pampu ilipokuwa, walaze bomba kwenye turubai na si kwenye matope ya ng'ombe, na wafunike mdomo wa kisima muda wote, kwani spana moja ikitumbukia inaweza kuwa mwisho wa kisima hicho.

Kwa visima vya jamii vijijini, ripoti hupelekwa kwanza kwa chombo cha watumia maji cha kijiji, ambacho hufanya kazi chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kuchimba kisima kipya huhitaji kibali cha bodi ya bonde la maji. Sehemu kubwa ya eneo la mji wa Tabora hutiririsha maji yake kwenda Malagarasi, hivyo liko chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Mifugo wakati wa kungoja

Pima kilichobaki tangini na ugawe kwa mahitaji ya siku. Tangi la lita 6,000 kwa kundi la mfano wetu ni siku tatu. Likiwa na lita 2,000 ni siku moja, na uamuzi wa kuhamisha kundi kwenda kwenye lambo au kisima cha jirani ufanywe siku hiyo asubuhi, wanyama wakiwa bado na nguvu za kutembea. Ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na wagonjwa wabaki wanywe akiba. Kundi litembee jioni na alfajiri.

Ng'ombe waliokaa na kiu muda mrefu wasiachiwe kunywa mpaka washibe kwa mara moja. Maji mengi ya ghafla katika mwili uliokauka huvimbisha ubongo, na mnyama aliyeokoka na kiu hufa akiwa na degedege mbautini. Wapewe lita chache, wangoje nusu saa, wapewe tena, na chumvi ya kulamba iondolewe mpaka siku inayofuata.